Salamu za Mama Hervé

Kwa miaka kumi na minane Fidélie alipokea taarifa za vifo vya watu wa Likasi, na hakuna familia iliyowahi kurudi kulalamika kwamba amekosea. Alikaa kwenye dirisha dogo la redio, ghorofani, juu ya duka la dawa huko Kikula. Watu walipanda ngazi macho yamevimba, naye aliwauliza mambo matatu tu: jina kamili kama lilivyo kwenye kadi, kilio kiko wapi, mazishi saa ngapi. Aliandika, akawasomea, wakaitikia, wakaenda zao. Kesho yake saa tatu kasoro robo asubuhi aliyasoma mwenyewe hewani, kwa sauti ya taratibu isiyo na haraka na mtu. Si kazi ya kujigamba nayo, lakini kimoyomoyo alijivunia, na mimi simlaumu.

Iliyompa umaarufu ni kazi yake ya pili. Kila Jumamosi, taarifa za vifo zikiisha, Séraphin aliingia studio akihema kwa sababu ya zile ngazi, akavuta kiti, na kuanzia saa tatu mpaka saa nne wawili hao wakafungua barua za wasikilizaji. Kipindi kiliitwa Tufungue Bahasha. Séraphin ni mwalimu mstaafu, mtoto wa mfanyakazi wa mitambo ya shaba ya Shituru, mwenye tumbo linalofika kabla yake na maoni juu ya kila kitu. Ujanani aliwahi kuandikia gazeti la hapa mjini lililokufa baada ya matoleo tisa, na tangu hapo amejihesabu mwandishi wa habari moja kwa moja. Fidélie ni mjukuu wa mtu aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Séraphin humwita "mamu", yaani mama kwa lugha ya kwao Kasai, ili kumtania. Fidélie humwita "yaya", yaani kaka mkubwa, maana mzee huyo amemzidi miaka kumi na minne, na hamwachi asahau.

Lazima niseme jinsi urafiki huo ulivyoanza, kwa sababu Fidélie mwenyewe husema kila anapopata nafasi. Mume wake alipofariki, alipitisha mwaka mzima akija dirishani, akiandika vifo vya watu wengine, kisha akirudi nyumbani na kufunga mlango. Hakwenda kwa jirani wala kwenye sherehe. Siku moja Séraphin alileta taarifa ya msiba wa shangazi yake, akaisikiliza sauti ile ikimsomea, akaenda moja kwa moja kwa Hénoc, mkurugenzi wa redio, na kumwambia ni dhambi sauti kama hiyo kuwasemea wafu peke yao. Kipindi akakitunga palepale, bila kuulizwa. Alimtoa Fidélie nyumbani kama watu wanavyotoa kitanda kizito mlangoni, kwa kusukuma, kwa kuvuta na kwa makelele. Miaka sita imepita, na bado mama huyo hamshukuru usoni, kwa kuwa anajua atajibiwa kwa hotuba.

Barua zilikuwa za karatasi. Wasikilizaji walizitia katika mikebe mitupu ya maziwa iliyowekwa kwa wauza mikate wawili na nyuma ya kanisa la parokia. Mwanafunzi aliuliza kama mwandishi wa habari anaweza kunywa bia ya mtu anayemwandika. "Kunywa," akajibu Séraphin, "lakini umulipie na yeye yake, mubakie sawasawa." Mfungwa wa Buluo aliuliza kama ni haya kumwomba mchumba wake amngoje. Hapo Fidélie ndiye aliyejibu: "Kuomba haina haya. Haya ni kumukasirikia kama anakatala." Kisha kulikuwa na barua za muziki, na hizo ndizo zilizokula saa. Mtu akiuliza kwa nini wanamuziki siku hizi wanayataja majina ya matajiri katikati ya wimbo mpaka wimbo wenyewe unasahaulika, Séraphin alifunga macho, akaanzia enzi za baba yake, akapita kila bendi iliyowahi kupiga Likasi, na alipofika kwenye swali lenyewe tayari ilikuwa saa nne kasoro tano.

Utaratibu wao wa kazi ulikuwa hivi. Kila Alhamisi mchana walikaa kwenye meza ya Fidélie na kuzigawa barua mafungu manne: uandishi wa habari, muziki na mambo ya mastaa, maisha, na fungu la mwisho lililoitwa salamu tu. La mwisho lilikuwa la wale wasio na swali. Msalimieni baba yangu, msalimieni dada yangu aliyejifungua. Walikubaliana kwamba hizo zitasomwa mwishoni, muda ukibaki. Muda haukubaki. Fidélie alizifunga kwa mpira na kuzisogeza mpaka Jumamosi inayofuata, na kusema kweli hazikumnyima usingizi. Salamu haiozi, alijiambia.

Barua ya Chérie wa Kamatanda iliingia mwanzoni mwa Desemba, imeandikwa kwa kalamu ya kijani kwenye karatasi ya daftari. "Minye siko na question. Mama yangu, Mama Hervé, anabasikilizaka kila samedi. Mumusalimie tu, mumwambie atiye nguvu. Aksanti." Hakuandika kwamba mama anaumwa. Barua ikaenda kwenye fungu la nne, ikalala humo Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Noeli ikapita, mwaka ukageuka. Jumamosi sita zikapita.

Jumamosi ya saba Séraphin alikuja na koo limemkauka, shingoni amezungusha taulo. Alijibu kwa sentensi mbili mbili, jambo ambalo halijawahi kuonekana, na saa nne kasoro robo mafungu matatu yalikuwa yamekwisha. Fidélie akafurahi kweli. Akautoa mpira na kuanza kusoma salamu moja baada ya nyingine, na alipofika kwenye kalamu ya kijani akatabasamu, sauti ikatabasamu naye. "Mama Hervé wa Kamatanda, mutoto yako Chérie anakusalimia sana. Tiya nguvu, mama. Shiye wote hapa tunakusalimia."

Dakika kumi baadaye Hénoc alimsimamisha kwenye ngazi, simu mkononi.

"Mama Fidélie, leo asubui ulisoma kifo ya nani?"

Alikumbuka zote. Zilikuwa tatu. "Papa moja wa Panda, mutoto moja wa hapa Kikula, na Madame Mwape Albertine, kilio iko Kamatanda."

"Ile Madame Mwape Albertine," Hénoc alisema polepole, "njo yeye Mama Hervé."

Fidélie alikaa kwenye ngazi. Taarifa ile aliiandika mwenyewe jana yake, Ijumaa, ikiletwa na kijana wa majirani aliyetumwa na karatasi. Jina kamili kama lilivyo kwenye kadi, kilio, saa ya mazishi. Aliisoma saa tatu kasoro robo, na baada ya saa moja, kwa sauti ileile, akamwambia marehemu atie nguvu.

Mtu wa mbali anaweza kushangaa imewezekanaje. Sisi hatushangai. Kwetu mwanamke akijifungua mtoto wa kwanza, jina lake linaingia kabatini pamoja na kadi ya ubatizo, na kuanzia siku hiyo yeye ni mama wa fulani. Anauza sokoni kwa jina hilo, anaimba kwaya kwa jina hilo, anagombana na majirani kwa jina hilo. Lile la kadi hutoka siku za hospitali, na siku ya kufa. Fidélie mwenyewe, mtaani kwake, ni majirani wawili tu wanaojua kwamba anaitwa Fidélie, na mmoja ni kwa sababu ya redio.

"Famille iko na kasirani," Hénoc aliendelea. Si mtu mbaya, ila redio ni yake na jina la redio ni lake. "Ndugu ya marehemu, Papa Hilaire, anasema tuko tunachekelea maiti yabo. Mutaenda kuomba pardon. Kama banakatala, émission yenu ya samedi inasimama. Siwezi kufanya ingine."

Fidélie hakujitetea. Alichofikiria, na alinisimulia bila kuficha, hakikuwa familia ile kwanza. Kilikuwa mlango wake nyumbani na ule mwaka aliokaa nyuma yake. Kisha ndipo alipoona aibu kwa kujifikiria yeye, na aibu hiyo ikawa kubwa kuliko ile ya kwanza.

Jumapili baada ya misa ya kwanza walipanda pikipiki mbili mpaka Kamatanda. Séraphin, aliyekuwa amekatazwa na binti yake asitoke na koo lile, alikuwa amevaa koti lake la ualimu.

"Minye njo nitasema," alinong'ona, sauti imebaki nusu. "Ni kinywa yangu ilikula wakati ya ule mama. Weye ulikuwa unasoma tu."

"Yaya, weye nyamaza. Leo koo inakusaidia."

Kilio kilikuwa chini ya turubai la buluu mbele ya nyumba ya vyumba viwili. Wanawake walikaa kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya plastiki, na Fidélie, aliyezoea misiba, aliona mara moja kwamba watu ni wachache. Viti vingi vilikuwa vitupu. Papa Hilaire, mzee mwembamba mwenye kofia mkononi, hakusimama kuwapokea. Aliwaonyesha mahali pa kukaa kwa kidevu.

Fidélie hakukaa. Alipiga magoti mkekani mbele yake na kusema yote kwa mpangilio: barua iliingia lini, waliiweka wapi, waliiacha mara ngapi, na jinsi alivyosoma kifo bila kujua ni cha nani. Hakusema kwamba muda haukutosha. "Tulisema ni salamu tu," alimaliza. "Tuliona haina maana. Papa, munisamehe."

Kisha msichana wa miaka ishirini hivi alitoka ndani, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe. Kabla hajasema lolote Fidélie alijua kwamba huyu ndiye kalamu ya kijani.

"Niliandika ile barua siku docteur alituambia mama hatafika Noeli," Chérie alisema. "Sikuandika juu ya ugonjwa. Mama alikatala. Alisema, usibaambie, batanisalimia na huruma. Mi nataka banisalimie sawa bantu bote."

Akakaa kwenye ukingo wa mkeka, karibu na Fidélie.

"Siku zote alikuwa analala tu, hakukula. Lakini samedi! Samedi ya kwanza aliamuka mbele minye niamuke. Alioga, alivaa kikwembe yake ya sikukuu, akaweka redio hapa ku magoti. Akaita na mama jirani. Akasikiliza mpaka mwisho, jina haikutoka. Nilikuwa naogopa atalia. Akacheka! Akasema, ule papa anaongea kupita soko yote. Haina kitu, ni samedi ingine. Na akaomba bukari na mboga, akakula."

Chini ya turubai mtu alicheka kidogo, kisha akajizuia. Séraphin aliangalia viatu vyake.

"Ikakuwa vile kila samedi. Vendredi anauliza, kikwembe iko wapi? Mama wa kulala, mara sita aliamuka. Docteur hakuelewa." Alijifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Jana wakati mulisema jina yake, nilikuwa na kasirani mingi. Ata sasa iko bado. Kama mungesoma mbele afe, angesikia. Lakini kama mungesoma samedi ya kwanza, sijui kama angeamuka ya pili. Siwezi kujua. Ile Noeli tulikula naye. Njo maana minabaambia aksanti."

Fidélie alilia bila kujificha. Anasema hajawahi kupewa shukrani nzito namna hiyo, wala asiyoistahili namna hiyo, na kwamba aliipokea kwa mikono miwili hata hivyo, kwa sababu kumkatalia msichana yule ingekuwa kosa la pili.

Papa Hilaire alingoja kilio kipungue. Kisha akaweka kofia yake gotini.

"Ya mutoto ni ya mutoto," alisema. "Minye niko na yangu. Angalia hivi viti."

Waliangalia.

"Dada yangu aliuza maharagi ku soko miaka makumi mbili na tano. Aliimba mu chorale. Hervé, mutoto wake wa kwanza, alikufa na miaka ine, na dada hakukubali bamuite jina ya mutoto mwingine wa nyuma. Mutu yote anamujua Mama Hervé. Mwape Albertine, nani anamujua? Ata mi kaka yake, jana ku redio nilifikiri kwanza mbele ya kujua ni yeye." Alielekeza kidole barabarani. "Sasa bale ba soko balisikia nini kwenu? Balisikia Mama Hervé eko muzuri, banamusalimia. Hakuna mutu anajua ule mama alikufa. Mazishi ni kesho. Tutamuzika shiye kumi na tano. Pardon ya mudomo sitaki. Rudisheni bantu ya dada yangu."

Sikiliza, hapo ndipo Fidélie alipoliona kosa lake lote. Alidhani ameiudhi familia, kumbe amemnyima marehemu watu wake. Alisimama na kuvuta mkono wa Séraphin.

"Twende, yaya."

Jumapili mchana redio hukodiwa na wanakwaya, na Hénoc alikuwa nyumbani mbele ya sahani. Séraphin, kwa nusu ile ya sauti, alimwinua mezani kwa simu na kumwambia maneno ambayo mwalimu mstaafu hapaswi kuyajua. Hénoc alikubali. Wanakwaya walipoelezwa walitoa dakika zao kumi bila kunung'unika, na mmoja wao, mwanamke mnene wa sauti ya pili, alishika kichwa: "Mama Hervé? Mama Hervé yetu?" Naye alikuwa hajui.

Fidélie hakuandika taarifa kama alivyozoea. Alikaa mbele ya kipaza sauti bila karatasi.

"Bantu ba Likasi, ni minye Fidélie. Jana nilibaambia kama Mama Hervé wa Kamatanda eko, na nilimusalimia. Nilikosa. Mama Hervé alituacha jeudi, leo siku ya tatu. Ku kadi yake baliandika Mwape Albertine, lakini beye munamujua Mama Hervé, mama wa maharagi, mama wa chorale. Barua ya kumusalimia ilikaa kwetu majuma sita, juu ya minye niliona ni salamu tu. Tulichelewa kumusalimia. Beye musichelewe kumuzika. Mazishi ni kesho, saa ya dix heures, saa ine ya asubui. Mwenye kumujua aambie mwenziwe."

Akarudia mara tatu. Mara ya tatu Séraphin alisogea kwenye kipaza sauti, na Fidélie akajiandaa kwa hotuba. Alisema, "Mama, pole," akanyamaza.

Jumatatu mvua ilianza alfajiri, ikajaza matope mekundu kila mahali. Fidélie na Séraphin walifika mapema, wakakuta barabara ya Kamatanda imejaa. Wanawake wa soko walikuja wamefunga meza zao, wengine bado na vitambaa vya kazi viunoni. Wanakwaya walikuja na sare. Walikuja wateja, wagonjwa aliowahi kuwapikia, mzee mmoja aliyesema alikuwa akikopa maharagwe kwake tangu ujana na hakujua kwamba ana jina lingine. Waliimba njia nzima mpaka makaburini, na waliokosa nafasi chini ya miavuli walitembea na mvua. Papa Hilaire alipita mbele ya Fidélie, akasimama, akavaa kofia yake ili apate kuivua, kisha akaendelea. Hénoc aliona. Habari ya kusimamisha kipindi haikutajwa tena.

Baada ya mazishi, mwanamke mmoja mfupi wa makamo alimkaribia Fidélie akiwa amekumbatia sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, miguu imejaa matope mpaka magotini. Alikuwa ametembea kutoka upande wa pili wa mji.

"Njo weye mama wa redio?"

"Ni minye."

"Samedi nilisikia unamusalimia. Nikasema, aksanti Mungu, Mama Hervé eko. Mi nilikuwa na mwaka mzima bila kumuona, tulikosana juu ya kintu ya bure. Nikasema, sasa nitaenda. Nikapika hii jana, nilikuwa natoka mulango wakati ulisema ile ingine, ya kifo." Aliitazama sufuria. "Nilikuja nayo vile vile. Sijui nimupe nani."

Fidélie akamvua yule mama kitambaa kilicholowa mabegani, akamfunga chake kikavu. Wakashika sufuria pamoja, mmoja sikio hili, mwingine sikio lile, na Séraphin akitangulia kuwatafutia njia ya kukanyaga, wakaipeleka nyumbani kwa Chérie.